Kilima Kisicho na Watu

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye ofisi moja huko Himbi, hapa mjini Goma, nikisubiri kuitwa, na ukutani mbele yangu walikuwa wametundika kalenda ya hoteli. Mwezi wenyewe ulishapita zamani, hakuna aliyejisumbua kufunua ukurasa. Juu ya tarehe kulikuwa na picha ya kilima cha Masisi, kijani kibichi, ukungu umelala bondeni, mikaratusi miwili imesimama pembeni, na chini yake neno moja la Kifaransa kwa herufi za madaha: Printemps. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwanza baada ya kiangazi, na harufu ya mawe ya volkano yaliyolowa ikaingia dirishani. Nilikitazama kile kilima nikaona kama nimekutana na ndugu yangu kavaa nguo za kuazima.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Shuleni tulifundishwa majira manne ya mwaka kutoka kwenye kitabu chenye watoto wa mashavu mekundu, tukakariri kwamba printemps ndipo maua huchanua na ndege hurudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona hiyo printemps ikipita Goma. Sisi tulikuwa na vumbi, halafu tulikuwa na mvua. Mimi neno hilo nililitilia shaka tangu siku ya kwanza. Nilikuwa mtoto wa kutilia shaka kila kitu, na sijabadilika sana. Lakini sikuzaliwa hivyo, nilifundishwa, na aliyenifundisha ni Koko.

Koko alikuwa mama yake Papa. Tuliishi Katindo, si mbali na kambi ya wanajeshi, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Papa alikuwa sentineli, analinda lango la watu huko Himbi. Mama aliuza vitenge soko la Birere. Koko hakuwa na kazi ya mjini, na wala hakuitaka, kwa sababu yeye, kwa hesabu zake, hakuwa amehamia Goma. Alikuwa amepumzika tu. Tulipokimbia kutoka Masisi mimi nilikuwa mgongoni mwake, sikumbuki chochote, lakini yeye alikumbuka kila jiwe. Nyuma ya mlango wa chumba tulicholala sote wawili alikuwa na mfuko wa mistari, na ndani yake blanketi, Biblia, kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja, na chombo cha mti cha kukamulia maziwa. Ng'ombe wenyewe walikuwa wamekwenda siku nyingi. Chombo kilikuwepo.

Kila mvua zilipoanza, Koko aliutoa mfuko ule, akaanika vitu vyake pale jua lilipochomoza kidogo, kisha akamuuliza Papa kama barabara imepona. Papa naye alikuwa na jibu lake, halikubadilika neno. Bado, mama. Kilima iko, inakungojea, hakuko mutu kule. Ni barabara tu. Koko alirudisha vitu mfukoni na mfuko nyuma ya mlango. Mimi roho ilikuwa ikinitulia, maana nilijua barabara ikipona nitalala peke yangu.

Mwaka ninaousema, Mama alipangisha chumba cha nyuma ya nyumba kwa kijana wa Butembo aliyeitwa Faustin. Alikuja na kitanda, sanduku la bati, kompyuta iliyofungwa kwenye taulo, na mfuko mrefu mweusi. Koko alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Faustin alifungua ule mfuko mrefu ili aone kama mvua imeingia, akatoa kitu, akakikunjua, kikasimama chenyewe uani kwa miguu mitatu. Mikono ya Koko ikaacha kuchambua.

Usiku ule kabla hatujalala alinieleza. Kabla hatujakimbia, walifika watu kutoka mjini na kitu kama kile. Walikisimamisha juu ya kilima, mmoja akafumba jicho moja akachungulia, akapunga mkono akiwaambia watu wasogee, wanaziba. Watu wakasogea kwa adabu. Haikupita muda mrefu wakaambiwa kwamba upande wa pili wa kilima una mwenyewe mpya, mkubwa fulani ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga pale. Koko hakujua sheria, ila alijua alichokiona: miguu mitatu ilitangulia, na kilima kikafuata nyuma yake.

Mama alicheka aliposikia. Alisema yule si jeometre wa kupima ardhi, ni mpiga picha, anapiga picha za mahali pazuri kwa ajili ya kalenda na kuta za hoteli. Koko aliuliza ni picha za akina nani. Mama akasema si za mtu, ni za ziwa, mlima, mashamba. Hapo ndipo Koko alipotikisa kichwa, na mimi pia nikatikisa.

Sisi tulikuwa na picha ukutani. Kulikuwa na ubatizo wangu, harusi ya Mama na Papa, na mazishi ya Babu, sote tumejipanga kando ya jeneza tukitazama mbele. Picha ilikuwa ni mtu. Hata pale palipoonekana mti au gari, mtu alikuwa ameegemea. Mama alipomwomba Faustin anipige siku ya komunio yangu, alijibu kwa upole kwamba yeye watu hawawezi, atafute mwingine. Mpiga picha asiyeweza watu! Nilimwona kama mchinjaji anayeogopa nyama. Koko alinivuta pembeni akaniambia, "Furaha, weye uko na macho. Muangalie huyu."

Nikamwangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji ya kuoga, kwa hiyo nilikuwa na njia. Aliamka kabla yetu, akapanda juu ya ukuta wa mawe kuona kama mlima umetoka. Mvua, ambayo watu wote tuliikimbia tukishika viatu mkononi, yeye aliikalia chini ya paa akiitazama kama mtu anayesubiri sahani yake. Nilimuuliza anapenda nini humo. Akaniambia mvua za kwanza zinaosha vumbi hewani, na zikishaosha, volkano ya Nyiragongo inakuwa karibu kabisa, unaweza kuhesabu mikunjo yake. Niliyapeleka maneno hayo kwa Koko mbio. Mtu mwenye akili timamu, anayeishi chini ya mlima ule, atautakaje uwe karibu? Sisi wengine tuliomba ubaki ulipo.

Asubuhi moja Mama alinituma mkate, nikamkuta kwenye mzunguko wa barabara, pale penye sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa, sanamu imeoshwa inameta. Faustin alikuwa amesimamisha miguu yake mitatu, jicho moja limefumbwa, na anapunga mkono. Alikuwa anawaambia watu wasogee. Aliwaomba vizuri, pardon papa, pardon mama, kidogo tu, na watu wakasogea kwa adabu, wanawake wenye beseni, vijana wa pikipiki, hata mzee mmoja mwenye chukudu ya kweli iliyojaa makaa alisukumwa pembeni ili sanamu ya chukudu ionekane vizuri. Pakabaki patupu. Faustin akatabasamu, akabonyeza. Nilirudi nyumbani bila mkate, nikamwambia Koko kwamba nimeona kwa macho yangu, anawaondoa watu.

Koko hakushangaa. Alisema basi tungoje tuone anaelekea wapi.

Hatukungoja sana. Jioni moja tulipokuwa tunakula, Faustin alipita kumwambia Mama kwamba kesho yake anakwenda Masisi, hatalala hapa. Hoteli inataka kilima kibichi kwa ukurasa wa printemps, na majani sasa ndiyo yameamka. Papa akamwambia barabara ni mbaya. Faustin, bila kujua alichokuwa anakivunja, akajibu kwamba barabara ni matope tu, malori ya viazi yanapanda na kushuka kila siku. Kijiko cha Papa kilisimama hewani. Koko alimgeukia mwanawe akamtazama, halafu akamgeukia mpangaji.

"Pita ku kilima yangu," akasema. "Iko na miti mbili ya karatusi, chini yake njo bwana yangu analala. Uniletee foto. Kama hakuko mutu, miye ninaenda."

Mimi nilielewa kwamba ni mtego. Kama Faustin ni mpimaji, atakataa, au atajifanya amesahau. Lakini Faustin alikubali mara moja, akamuuliza ni kona gani, kanisa lipi, mto uko kushoto au kulia, na Koko akamwelekeza kila kitu. Nilitaka kumziba mdomo. Baadaye, nilipokwenda kumwaga maji ya vyombo, nikamwona Papa akiingia chumbani kwa Faustin na kuufunga mlango. Niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini, hasa Papa, muda mrefu. Nikaona Faustin sasa ameanza kumrubuni hata baba yangu.

Siku alizokuwa safarini zilikuwa mbaya kwangu. Koko alifua kitenge kile ambacho hakijawahi kufuliwa. Alikiosha chombo cha maziwa kwa maji ya moto, akakifukiza moshi, chumba chote kikanuka majani ya kuungua. Nilimuuliza atakamua ng'ombe gani, na atakaa na nani. Akasema Mungu yuko. Nililia kwenye blanketi nikijifanya nina mafua. Sikuogopa barabara wala kilima. Nilimwogopa yule mwenye miguu mitatu, kwamba atamwita Koko aende, na akishafika atamwambia asogee.

Faustin alirudi na matope hadi magotini. Alipitia Birere kwanza, kwa wachapaji wa picha, kwa hiyo picha aliyoagizwa na Koko ilikuwa tayari imetolewa, kubwa, imetiwa kwenye fremu ya dhahabu ya uongo. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa ni nzuri, siwezi kusema vingine. Kilima kilikuwa na kijani kile ambacho macho yanataka kukila, ukungu chini, anga limeoshwa, mikaratusi miwili imesimama. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Papa alikuwa wa kwanza kusema. Alisema si mnaona, mama, ndivyo nilivyokwambia siku zote, hakuko mutu. Kisha akaongeza haraka kwamba mvua hizi zitakata barabara, tungoje zipungue, baada ya Noeli tutapanga vizuri. Alikuwa anatoka jasho, na nje kulikuwa baridi. Koko aliketi mlangoni na picha magotini, akaishika hivyo mpaka mwanga ukaisha.

Kesho yake nilipompelekea Faustin maji, nilimkuta na kompyuta wazi. Niliwahi kuona mikaratusi miwili, na karibu nayo kitu kinachong'aa, kisha akafunga haraka hata akagonga kikombe. Nilikimbia kwa Koko. Nikamwambia ana nyingine, ana picha nyingine za kilima, na anazificha. Nilifurahi, nakiri, maana sasa tulikuwa tumemkamata na Koko hataondoka.

Koko aliniambia nikae. Akaweka kidole juu ya kioo cha fremu, kwenye kijani, akaniuliza majani yako namna gani. Nikasema ni mabichi. Akauliza tena, namna gani. Nikatazama vizuri nikasema ni mafupi, yako sawasawa. Akaniacha hapo, akaenda kuchochea moto.

Jioni alimwita Faustin ale nasi. Mama alishangaa, maana Koko hakuwa amewahi kumpa hata maji ya kunawa. Papa alikuwa amevaa koti la kazi, anajiandaa kwenda Himbi, lakini Koko alimwambia aketi naye. Tulikula maharage na ugali. Koko alipomaliza alifuta mikono, akaiweka fremu katikati ya sahani.

"Faustin, ngombe iko wapi?"

Faustin akasema hapakuwa na ng'ombe, Koko, si unaona.

"Naona. Mvua imeanza, na kilima ingekuwa haina mutu, majani ingekufika ku kiuno. Hii imekuliwa. Imekuliwa muzuri, na ngombe mingi. Ya nani?"

Nilimtazama Faustin nikingoja uso wa mwizi utokee, na uso wa mwizi haukutokea. Yeye alikuwa anamtazama Papa. Mama naye alikuwa anamtazama Papa. Mimi nilikuwa wa mwisho kugeuka, na nilipogeuka nikamwona baba yangu ameinamisha kichwa, kofia ya kazi inazunguka mikononi mwake.

"Na weye ulijua," Koko akamwambia.

"Nilijua, mama."

Alikuwa anajua tangu zamani. Madereva wa malori walimwambia: pale ilipokuwa nyumba yetu kuna nyumba nyingine, watu wengine, ng'ombe wengine. Barabara ilikuwa na ubaya wake, lakini haikuwa imemzuia mtu kwa miaka mingi. Usiku ule alipofunga mlango wa Faustin alikuwa anamwomba asirudi na picha ya nyumba hiyo. Mtu akishazoea kusogeza jambo mbele, husogeza tena, na Papa alitumaini mvua itamsaidia mwaka huu, na mwakani atapata jingine. Mimi niliyekuwa na macho, niliyemfuata mpangaji mpaka kwenye mzunguko wa barabara, sikuwahi kumtilia Papa shaka hata kidogo. Niliumia. Niliona aibu kwa ajili yake na nikamhurumia, vyote pamoja.

Koko akamwambia Faustin alete kompyuta.

Aliileta, akazifungua zile picha nyingine moja baada ya nyingine. Alikuwa amesimamisha miguu yake mitatu hatua chache tu kando, na kilima kikawa kingine. Nyuma ya mikaratusi kulikuwa na nyumba yenye bati jipya linalong'aa. Kulikuwa na boma, na ng'ombe wametapakaa. Msichana wa umri wangu amembeba mtoto mgongoni na anakodolea kamera macho. Na chini ya ile miti, mahali alipolala Babu, mtu alikuwa amezungushia uzio wa matawi ili ng'ombe wasikanyage. Koko aliusogelea ule uzio mpaka pua yake ikakaribia kioo.

Faustin alieleza kwa sauti ndogo kwamba yeye kwa desturi hungoja watu watoke kwenye picha, kwa kuwa wageni wanapenda hivyo, na pale hakungoja sana, alisogeza tu kamera mpaka wakafichika nyuma ya miti. Alisema mama wa pale alimpokea vizuri, akampa maziwa.

Nilidhani Koko atalia au atamfukuza. Kisha akauliza, "Maziwa ilikuwa namna gani?"

Faustin akamtazama Papa, lakini Papa alikuwa anaitazama kofia yake.

"Ilikuwa muzuri, Koko. Tamu sana."

"Hm," Koko akasema. "Ile kilima haijawahi kutoa maziwa mubaya."

Asubuhi aliufungua mfuko wa mistari akatoa kila kitu. Kitenge alikivaa siku hiyohiyo, kwenda sokoni. Chombo cha maziwa alikiweka juu ya kabati la Mama na kukijaza vijiko, na mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, hakuna kilichoanikwa na hakuna aliyeuliza habari za barabara. Papa alipata shida zaidi kuliko yeye. Kwa muda mrefu alikuwa akifika nyumbani na kusimama mlangoni akisubiri lile swali, na swali haliji.

Picha yenye fremu ya dhahabu Koko alimrudishia Faustin. Alimwambia awapelekee wale wanaoipenda. Badala yake alitaka ile yenye bati na ng'ombe na msichana, Faustin akaitoa bila malipo, nasi tukaitundika kati ya ubatizo wangu na mazishi ya Babu, ambapo ilikaa vizuri kabisa, maana ilikuwa na mtu. Wageni waliuliza yule msichana ni nani wetu. Koko aliwajibu kwamba anakaa kwake, kule kilimani.

Koko amelala Goma sasa, kwenye mawe meusi ambako hata kaburi huchimbwa kwa nyundo. Faustin alihama zamani, nasikia anapata kazi nzuri. Nami tangu siku zile sijaamini mahali pazuri pasipo na mtu. Nikionyeshwa pwani tupu, ziwa tupu, kilima kilichooshwa na mvua, mimi huanza kutafuta ukingoni mwa picha, nani ameambiwa asogee.

Pale ofisini Himbi, mama wa mapokezi aliona nimekodolea kalenda macho. Akaniambia ni pazuri, siyo, hakuko hata mutu mumoja, mutu angependa kwenda kupumzika kule.

"Batu bako, mama," nikamwambia. "Bako nyuma ya ile miti. Na maziwa yabo iko muzuri."